Timbo si mwalimu: watoto wa Eastlands wafundishwe maji

Ikiwa unaishi Kayole, Njiru, Dandora au Mwiki, bila shaka unalijua timbo moja au mawili. Ni yale mashimo makubwa yaliyoachwa baada ya mawe kuchongwa na kupakiwa kwenye malori. Mvua ya masika ikinyesha, mashimo hayo hujaa maji. Juma moja baadaye tope hushuka chini, na juu hubaki maji ya kijani yanayovutia macho. Jua la saa tisa linapowaka na shule zimefungwa, ni nani atakayemzuia mtoto wa miaka kumi asiende huko?

Mawe ya matimbo hayo ndiyo yaliyojenga nyumba tunazoishi. Tulichukua mawe, tukawaachia watoto shimo.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa watano, Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, na mwenzetu mmoja, mtoto mpole aliyekuwa hodari wa hesabu kutushinda sote, alitutangulia kuvua shati. Hatua ya kwanza maji yalimfika magotini. Ya pili yakamfika kiunoni. Ya tatu hakukuwa na chini. Tuliona kichwa chake tu, uso ameuinua kama mtu anayetazama ndege angani. Hakuita. Mmoja wetu alicheka akidhani anafanya mzaha. Tulipoacha kucheka alikuwa hayupo. Tulikimbia kumwita mwanamume mmoja aliyekuwa akimwagilia sukuma wiki maji karibu na hapo, naye hakujua kuogelea. Mwili ulitolewa kesho yake. Mama yake alitambua kwanza viatu, kwa sababu viatu vilikuwa bado ukingoni, soksi zimekunjwa ndani yake.

Jumatatu asubuhi mwalimu wa zamu alitusimamisha gwaride akatangaza kwamba yeyote atakayeonekana timboni atachapwa viboko. Hilo ndilo somo la pekee kuhusu maji nililopewa kwa miaka minane ya shule ya msingi. Hatukuambiwa kwa nini mwenzetu alizama, wala kwa nini hakupiga kelele, wala tungefanya nini sisi wanne tuliokuwa ukingoni. Wiki tatu baadaye tulikuwa tumerudi pale pale, tumeweka mlinzi wa kuangalia kama mwalimu anakuja.

Nasimulia haya si kwa kutaka kuhurumiwa. Nasimulia kwa sababu miaka mingi imepita na kila masika magazeti yetu huchapisha habari ile ile, mtaa ukibadilika tu na umri wa mtoto. Na kila mara tiba inayotolewa ni kiboko na onyo.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa heshima zote kwa wahenga, mtoto anayezama mara nyingi hatapitapi kwa namna tunayoifikiria. Mdomo wake huwa sawa na uso wa maji, ukizama na kuibuka. Anapoibuka ana nafasi ya kuvuta hewa tu, hana nafasi ya kuita, maana sauti ni hewa itokayo na yeye hana hewa ya kutoa. Mikono yake hukandamiza maji pande zote mbili akijaribu kujiinua, kwa hiyo hawezi kuipunga. Kwa mtu aliye ukingoni huyu ni mtoto aliyesimama majini kimya. Hali hiyo huweza kudumu chini ya dakika moja kabla hajazama kabisa. Ubongo usipopata hewa kwa dakika nne hadi sita huanza kuharibika kiasi cha kutoweza kurudi. Mzazi aliyeenda kununua soda kwenye kioski anaweza kurudi akakuta mambo yamekwisha, na watu kumi walio karibu hawakuona lolote.

Sasa ongeza timbo juu ya hayo. Ufuo wa bahari huteremka polepole, lakini timbo limechongwa wima kama ukuta. Mtoto hupita kutoka kina cha goti hadi kina cha mita kadhaa kwa hatua moja. Akitaka kutoka, ukuta ni wa jiwe telezi usio na pa kushika. Juu maji yana joto la jua, lakini chini ni baridi kali, na mwili ukikutana ghafla na baridi hiyo mtu huvuta pumzi bila kutaka. Ikiwa kichwa kimo majini, anachovuta ni maji. Chini kuna matope yanayoshika miguu, vyuma na nyaya zilizotupwa. Nimewasikia watu wazima, wenye elimu yao, wakisema kwamba timbo fulani "lina mwenyewe" na kila mwaka hudai mtu. Sioni haja ya jini hapo. Kuta wima, baridi na matope vinatosha kabisa kufanya kazi hiyo.

Wakazi wengi wa Nairobi hudhani kufa maji ni balaa la watu wa pwani na wa ziwani. Tunaikumbuka feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 29, 1994 na kuua watu 272, tunaikumbuka MV Bukoba ya Mei 1996 karibu na Mwanza, tunasikitika, tunafungua ukurasa wa michezo. Lakini Aprili 2024 Mto Mathare ulivunja kingo zake usiku na kuingia vyumbani mwa watu. Mvua za msimu ule ziliua zaidi ya watu 250 nchini, na serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa shule hadi Mei 13. Eastlands imekatwa na mito mitatu: Nairobi, Mathare na Ngong. Watoto huvuka mito hiyo kwenda shule, wengine kwa vivuko vya mbao na vyuma vilivyounganishwa na wakazi wenyewe. Maji yenyewe yamejaa taka za viwandani na za vyooni, na mtoto asipozama anaweza kurudi nyumbani na homa ya matumbo. Mji wetu una maji ya kuua, ila hauna ufuo wa kutukumbusha.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba vifo tisa kati ya kumi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha wastani. Kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na minne, maji ni chanzo cha tatu cha vifo duniani. Soma tena sentensi hiyo. Huo ndio umri wa shule ya msingi. Tunawachanja watoto hawa dhidi ya surua, tunawapa dawa za minyoo, tunawafundisha kuvuka barabara, na hayo yote ni mema. Kuhusu maji tunawaonyesha kiboko.

Kuna wanaosema, na nimeyasikia haya kwenye mkutano wa wazazi, kwamba ukimfundisha mtoto kuogelea unamchochea aende timboni. Hoja hiyo si ya kijinga, na inastahili jibu. Jibu lilipatikana Bangladesh, nchi ya vidimbwi na mafuriko, ambako watoto wengi walikuwa wakifa maji. Kuanzia mwaka 2006, makumi ya maelfu ya watoto wa vijijini wenye umri wa miaka minne hadi kumi na miwili walifundishwa mambo matatu: kuogelea mita 25, kuelea kwa sekunde 30, na kumwokoa mwenzao bila kuingia majini. Hakukuwa na vidimbwi vya vigae na maji ya buluu. Walifunga majukwaa ya mianzi ndani ya vidimbwi vya kijiji, na vijana wa pale pale wakafanywa walimu. Watafiti walipolinganisha watoto hao na wale ambao hawakufundishwa, vifo vya maji miongoni mwa waliofundishwa vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Laiti elimu ile ingewachochea watoto kujitosa ovyo, hesabu ingekwenda kinyume.

Karibu na kwetu, kule Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili wote. Ni kisiwa, maji kila upande, na bado wasichana wengi walikuwa wakikua bila kujua kuelea kwa sababu iliaminika si heshima msichana kuingia majini. Walipopata mwalimu wa kike na vazi la stara, pingamizi la wazazi lililegea. Nalitaja hili kwa ajili ya wazazi wa Eastleigh, Pumwani na Majengo ambao wana wasiwasi huo huo. Stara na kuelea havigombani. Tena Uholanzi, ambako watoto hupewa cheti cha kuogelea, sehemu ya mtihani hufanywa mtoto akiwa amevaa nguo zake za kawaida, kwa sababu anayeanguka majini huanguka na nguo zake. Mtoto wa Dandora akiteleza mtoni huanguka na sare na mkoba mgongoni.

Je, sisi tumekosa nini? Si mtaala. Mtaala wa umilisi ulioanza madarasani mwaka 2019 unataja kuogelea na usalama wa maji katika masomo ya michezo. Lakini umeacha mlango wazi: shule isiyo na mahali pa kuogelea hupita kipindi hicho kimya kimya. Na shule ya umma ya Eastlands yenye watoto tisini darasani na vyoo vichache itatoa wapi kidimbwi? Shule za binafsi zenye karo kubwa ndizo zinazokodisha basi na kuwapeleka wanafunzi kuogelea kila Ijumaa. Kwa hiyo anayefundishwa kuelea ni mtoto ambaye hatakaribia timbo maishani mwake, na anayeishi hatua mia mbili kutoka timboni hafundishwi. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Katika Nairobi kuogelea kumekuwa anasa, kama gofu.

Mkenya anaweza kuogelea, tusidanganyane. Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, alimaliza wa tano duniani katika mita 100 za mtindo wa kipepeo kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008. Ila mimi sitafuti medali. Ninatafuta mtoto anayeweza kulala chali majini akapumua hadi msaada ufike.

Tatizo jingine ni la kisheria. Katiba ya mwaka 2010 iliiachia serikali ya kitaifa elimu ya msingi, ikaipa kaunti chekechea, viwanja vya michezo, burudani na kukabiliana na majanga. Kuogelea kwa mwanafunzi wa gredi ya nne kumeanguka katikati. Wizara ikiulizwa itasema vidimbwi ni vya kaunti, kaunti ikiulizwa itasema wanafunzi ni wa wizara. Mtoto yuko timboni.

Sisemi kila shule ichimbiwe kidimbwi. Hilo halitatokea na tusipoteze wino. Nasema mambo mawili ambayo yanawezekana kwa fedha chache.

La kwanza ni masomo ya nchi kavu. Sehemu kubwa ya usalama wa maji haihitaji tone la maji. Mwalimu akiwa na ubao, chaki na kamba anaweza kuwaeleza watoto kwa nini timbo halina chini, jinsi mtu anayezama anavyoonekana, kwa nini maji ya mto yaliyofika kifundo cha mguu lakini yanakimbia yanaweza kumwangusha mtu mzima, na kwamba hakuna kuingia majini peke yako hata uwe bingwa. Muhula mmoja, kipindi kimoja kwa wiki, unatosha. Mwalimu aliyewahi kufundisha skauti atalifanya hili akiwa amefumba macho.

La pili ni kuelea kwenyewe, na hapa ndipo panapohitajika maji. Kidimbwi cha Kasarani kilijengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987 kwa fedha za umma. Vidimbwi vya hoteli na vilabu vya Eastlands hujaa watu siku za Krismasi na Idd, lakini Jumanne asubuhi maji yametulia yanangoja. Kaunti inayotoa leseni za biashara hizo inaweza kukaa nazo mezani: saa chache za asubuhi kwa shule za umma, kwa bei ya makubaliano. Makocha wapo, vijana waliofunzwa ambao hawana kazi ya kudumu. Mtoto apate vipindi kumi hivi kabla ya kumaliza gredi ya sita, aelee, ajigeuze chali, asogee mita chache hadi ukingoni. Mwanzo wenye shule chache za Kayole na Njiru ungetuonyesha kama inawezekana kabla ya kuzungumzia Nairobi nzima.

Na mwenye timbo naye asisahauliwe. Sheria ya Uchimbaji Madini ya mwaka 2016 haikumruhusu mtu kuchimba kisha aondoke zake, bali inataka ardhi irekebishwe. Mengi ya mashimo yetu ni ya zamani na wenyewe wametoweka, najua. Lakini yapo yanayochimbwa leo, na chifu anajua ni ya nani. Ua wa waya na kibao havitamzuia kila mtoto, ila vitamchelewesha mdogo wa miaka sita anayefuata kaka zake.

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa afya, acha nikuachie jambo unaloweza kulitumia hata leo. Ukimwona mtoto anazama, usijirushe majini kama hujafunzwa uokoaji. Mara nyingi anayezama humshika mwokoaji shingoni na wote wawili huenda. Piga kelele watu waje. Lala kifudifudi ukingoni umnyoshee mti, bomba, mshipi au shuka. Akiwa mbali, mrushie kinachoelea. Mtungi mtupu wa lita ishirini uliofungwa kifuniko vizuri unaweza kumshikilia mtu juu ya maji, na ukiufunga kamba ya kuanikia nguo utamvuta nao. Mtungi haukosekani katika nyumba yoyote ya Eastlands, kwa hisani ya mgao wa maji. Wafundishe watoto wako hili sebuleni. Sisi watano tungelijua, huenda tungekuwa watano mpaka leo.

Akitolewa, usimning'inize miguu juu wala usimkandamize tumbo kutoa maji. Unapoteza dakika na unaweza kumsababisha atapike na matapishi yaingie mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu. Kama hapumui, inua kidevu, mzibe pua, mpulizie pumzi mdomoni ukiangalia kifua kikiinuka. Yule aliyekufa maji amekosa hewa, kwa hiyo pumzi ndiyo dawa ya kwanza. Asipoonyesha dalili ya uhai, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi mara 30, kisha pumzi mbili, urudie bila kuchoka huku mwenzako akipiga simu 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Na hata akizinduka akaomba uji, mpeleke hospitali. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye, akiwa tayari amelazwa kitandani na majirani wamekwenda zao.

Neno moja kuhusu wale wadogo, ingawa si wanafunzi bado. Mgao wa maji umetufundisha kujaza mapipa, ndoo na makarai. Mtoto anayetambaa anaweza kufa ndani ya ndoo yenye maji ya kimo cha kiganja, kwa sababu kichwa chake ni kizito na hawezi kujiinua. Funika pipa. Mwaga maji ya kufulia ukimaliza. Mashimo ya misingi ya maghorofa yanayojengwa kila kona pia hujaa mvua, na mlinzi wa pale mara nyingi hulinda saruji.

Muhula ukifunguliwa utaitwa mkutano wa wazazi. Utasikia habari za karo ya chakula, basi la shule na matokeo ya mtihani. Ikifika kwenye "mengineyo", simama. Muulize mwalimu mkuu ni kipindi gani katika ratiba ambapo mwanao anafundishwa usalama wa maji, na ni nani anayemfundisha. Huenda akakuangalia kwa mshangao. Muulize tena, na umwombe katibu aliandike swali hilo kwenye kumbukumbu za mkutano, ili muhula ujao lianzie hapo.